Protoni dhidi ya kiini cha risasi: mgongano uliotakiwa kuwa wa kulinganishia tu

#1 | Mzee wa Vekta

Wakuu, heshima kwenu.

Kijana wangu wa kidato cha sita aliniuliza swali juzi usiku, nikajikuta nalijibu hadi chai ikapoa. Nimeona nilishushe na hapa, maana naamini wapo wenye swali hilohilo. Anasema: kule CERN, maabara ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanagonganisha protoni na protoni, hiyo kaielewa. Wanagonganisha kiini cha risasi na kiini cha risasi, sawa, wanatafuta joto. Sasa protoni moja kwa kiini cha risasi ni ya nini? Si sawa na kurusha punje ya mchele kwenye gunia la mchele?

(Nikisema risasi hapa ni ile metali ya betri za magari na chubwi za wavuvi. Msije mkaniletea habari za bunduki.)

Twende taratibu. Kiini cha risasi kina protoni 82 na nyutroni 126, jumla 208. Zote kwa pamoja huitwa nukleoni. Nusu kipenyo cha kiini ni kama femtomita 7. Femtomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni, halafu kila kipande kikagawanywa tena mara milioni. Protoni peke yake nusu kipenyo chake ni femtomita 0.84. Kwa hiyo protoni inayopita katikati ya kiini ina safari ya femtomita 14 hivi, na njiani inakutana na nukleoni kadhaa mfululizo.

Na tuelewane: ikigonga, kinachotoka si vipande vyake. Zinatoka chembe ambazo hazikuwemo kabisa. Nishati ya mwendo inageuka maada: pioni kwa wingi, kaoni, protoni na protoni pinzani (pacha wa protoni mwenye chaji ya kinyume), mara mojamoja kitu kizito zaidi. Ni kama bajaji mbili zigongane Ubungo, zote mbili ziendelee na safari zikiwa zimepunguza mwendo, na pale barabarani zibaki pikipiki ishirini mpya. Aliyelipia pikipiki ni ule mwendo uliopungua.

Sasa hesabu ya haraka inayokuja kichwani kwa kila mtu ni hii: pioni iliyozaliwa ndani ya kiini itaigonga nukleoni ya mbele yake, nayo izae, na watoto nao wagonge. Mafuriko. Kiini kizito kingetakiwa kumwaga chembe kama mvua ya masika.

Miaka ya 1970 Wit Busza na wenzake walipima jambo hili maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, wakipiga chembe za GeV 50 hadi 200 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) kwenye shabaha nyepesi na nzito. Mafuriko hayakuwepo. Kwenye risasi, ambako protoni inagonga wastani wa nukleoni karibu nne, chembe za kasi zilizotoka zilikuwa kama mara mbili na nusu tu ya zile za protoni kwa protoni. Hata mara nne haikufika.

Nawaachia hapo kwanza. Nani ataniambia mafuriko yalikwenda wapi?

#2 | Mshika Fimbo

Mkuu, mimi ni mtu wa pool, fizikia niliiacha kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili. Lakini jibu naliona: mpira mweupe ukipasua rundo, pigo la kwanza ndilo lina nguvu. Baada ya hapo unazurura tu. Protoni imechoka.

#3 | Kibiriti Chenye Unyevu

Pikipiki ishirini mpya zisizo na kadi, na hujaonyesha ushuru wa forodha. Uzi unaanza vibaya.

#4 | Mzee wa Vekta

Mshika Fimbo, protoni inachoka kweli, ila uchovu huo hautoshi. Hata ikipoteza sehemu kubwa ya nishati yake, zile pioni za mwanzo zenyewe zina nguvu ya kutosha kugonga na kuzaa. Zina nguvu na hazizai. Kwa nini?

#5 | BintiMwalimu

Shikamoo Mzee. Nabahatisha: muda? Tulifundishwa kwamba myuoni, ile chembe kama elektroni ila nzito zaidi, inazaliwa kilomita kama 15 juu ya vichwa vyetu na uhai wake ni mikrosekunde 2.2, yaani ingetembea mita 660 tu ikafa, lakini inafika chini kwa sababu muda wake unarefuka kutokana na kasi. Isije ikawa na pioni hizi kuna kitu kinachelewa.

#6 | Mzee wa Vekta

Marahaba binti. Umepiga penyewe!

Chembe haizaliwi ikiwa imekamilika. Protoni ikishagonga, kinachosonga mbele ni kitu kilichovurugika, kwaki na gluoni, zile chembe ndogo zinazounda protoni na pioni, ambazo bado hazijajipanga kuwa pioni. Kujipanga kunataka muda. Kwa saa ya chembe yenyewe ni kama muda ambao mwanga unavuka femtomita moja. Lakini saa hiyo imepanda chombo kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga, na sisi tuliosimama nje tunaiona inajikokota. Chukua pioni ya GeV 7. Ikiwa imetulia ina GeV 0.14, gawanya, unapata 50. Basi femtomita moja inakuwa hamsini, na kiini kizima kina upana wa 14. Pioni inakamilika kuzaliwa ikiwa imeshatoka nje, haina tena wa kumgonga.

Ni kama mtu apite mbio ndani ya nyumba yako na sufuria ya bisi iliyokwisha kupata moto. Kaingia mlango wa mbele, katoka wa uani, na mahindi yanaanza kupasuka akiwa kwa jirani. Wewe umesikia harufu tu.

Chembe za polepole ndizo zinazozaliwa mapema, ndani ya kiini, na hizo kweli zinagonga nukleoni nyingine. Mafuriko yapo, ila ni madogo, na yako upande wa nyuma, kwa zile zinazosuasua.

Halafu kuna kanuni nzuri mno waliyoiandika Białas, Błeszyński na Czyż mwaka 1976. Wakasema: usihesabu migongano, hesabu majeruhi. Protoni kwa protoni, majeruhi ni wawili. Protoni ikipita ikagonga nukleoni nne, majeruhi ni watano: hao wanne na yeye mwenyewe. Yeye kagongwa mara nne, lakini ni majeruhi mmoja, anapewa kitanda kimoja. Tano kwa mbili ni mbili na nusu. Ndicho kipimo cha Busza.

Kwa kweli nikiiona hesabu ya aina hii, mstari mmoja, bila kompyuta, huwa nafurahi kama mtoto.

#7 | Sijui Kitu

Samahani kama nawaharibia. Nchi ina mambo chungu nzima, maji hayatoki mtaani kwetu tangu Jumamosi, na watu wazima mnajadili pioni inazaliwa chumbani au uani. Faida yake kwa mwananchi ni ipi?

#8 | Kibiriti Chenye Unyevu

Sijui Kitu, jina na hoja vimekutana.

#9 | Daktari wa Mawe

Asijibiwe kwa kejeli, swali lake ni halali. Mimi kazi yangu ni miamba, na nimeishi kwa mgongano huu bila kuujua kwa miaka.

Ndugu Sijui Kitu, sahau CERN kidogo. Hewa unayovuta ni naitrojeni na oksijeni. Kutoka anga za mbali zinashuka protoni usiku na mchana, nyingine zikiwa na nishati ambayo hakuna mashine ya binadamu iliyowahi kuifikia. Zinagonga viini vya naitrojeni na oksijeni huko juu. Huo ndio mgongano wa protoni na kiini, na unafanyika juu ya bati lako sasa hivi. Pioni zinazozaliwa zinaoza kuwa myuoni, na myuoni moja hivi inapita kwenye kila sentimita mraba ya ardhi kila dakika. Ukinyoosha kiganja, kwa dakika moja zimepita kiganjani kiasi cha mia.

Nyutroni zinazorushwa na migongano hiyo zinaingia kwenye kiini cha naitrojeni, protoni inatoka, na kilichobaki ni kaboni 14. Kaboni hiyo inaingia kwenye mmea, mmea unaliwa, ukifa inaanza kupungua nusu kila miaka 5,730. Mtu akichimba jiko la kale akakuta mkaa, umri anaupata hapo. Saa hiyo hujazwa ufunguo na migongano ya protoni na viini.

Na chanzo kingine cha faida: piga protoni ya GeV 1 kwenye zebaki, kiini kinamwaga nyutroni kama 20 hadi 30. Oak Ridge kule Marekani wana mtambo mzima unaofanya hivyo, nyutroni zinatumika kuchungulia ndani ya metali, dawa na plastiki.

Maji ya mtaani kwako sina jibu.

#10 | Sijui Kitu

Nimekuelewa daktari. Hiyo ya kiganja imenikaa. Endeleeni.

#11 | Mja wa Ngomeni

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni wa Pwani, Malindi kwenda juu kidogo. Nimefurahi mmegusa chembe za angani, kwani hadithi hii ina mguu wake kwetu.

Zamani watu hawakujua kinachoshuka ni kitu gani, mwanga au chembe zenye chaji. Mwaka 1933 Muitaliano Bruno Rossi alipanda na vyombo vyake hadi Asmara, Eritrea, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Alichagua Asmara kwa sababu iko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambako sumaku hiyo inapinda chembe zaidi. Akaelekeza vyombo magharibi, kisha mashariki. Magharibi zikaja nyingi zaidi. Maana yake zina chaji chanya. Wamarekani waliopima Mexico walimtangulia kidogo kuchapisha, lakini kwa Rossi kulikuwa na la ziada: aliona vihesabio vilivyowekwa mbalimbali vinalia kwa pamoja mara nyingi kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu. Kama vile mvua moja imeviangukia vyote. Na ndivyo ilivyokuwa: protoni moja juu, kiini kimoja cha hewa, na kizazi chake chote kinashuka kwa pamoja.

Rossi huyo ndiye baadaye aliyesukuma kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani, akiwa na Riccardo Giacconi. Na satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa kutoka ile minara ya Waitalia baharini hapa kwetu Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri. Ndiyo ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili limo kwenye vitabu vya nyota hadi leo.

#12 | BintiMwalimu

Wa alaykum salaam. Hii ya Asmara sikuijua kabisa. Kwa hiyo sisi wa ikweta tunapata protoni chache kuliko watu wa Ulaya?

#13 | Daktari wa Mawe

Chache, naam. Zile dhaifu zinarudishwa na sumaku ya dunia, zinaishia kuingilia kwenye ncha. Kwetu inapita ile yenye GeV kama 14 na zaidi, kwa kukadiria. Ngozi yetu inaguswa na wajukuu wa protoni zenye misuli.

Niongeze jina moja ambalo watu hawalitaji. Marietta Blau, mwanamke wa Vienna. Mwaka 1937 yeye na Hertha Wambacher waliacha bamba za picha mlimani Hafelekar, juu ya Innsbruck, kwa miezi kadhaa. Walipozisafisha wakakuta nyota: nyuzi zinazotawanyika kutoka nukta moja. Ni kiini kilichopasuliwa na chembe ya angani. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuona picha ya kitu hicho. Mwaka uliofuata Blau alilazimika kukimbia kwa sababu ni Myahudi. Nobeli ya bamba hizo za picha ilikwenda kwa Cecil Powell mwaka 1950. Sina ugomvi na Powell, pioni aliipata yeye na kundi lake mwaka 1947 kwa bamba hizohizo, ila mzani ule mimi siukubali.

Kwenye nyota hizo kulikuwa na lugha ya wapimaji: nyuzi nyeusi ni vipande vizito vya kiini vinavyotambaa, nyuzi za kijivu ni protoni zilizopigwa teke zikatoka, na nyuzi nyembamba ni chembe mpya zenye kasi. Ukihesabu za kijivu unakadiria protoni iligonga nukleoni ngapi. Hadi leo mantiki ni hiyohiyo, ila bamba limekuwa kigunduzi cha mamilioni ya njia za umeme.

#14 | Mzee wa Vekta

Daktari, asante, umenifundisha. Nami nina moja ya enzi hizo kabla hatujaingia LHC, ule mtambo mkubwa wa CERN.

Berkeley, California, 1955. Walitaka kuzalisha protoni pinzani. Sheria inasema huwezi kuzaa protoni pinzani peke yake, lazima izaliwe na protoni mwenzake, ili hesabu ya maada isiharibike. Ukipiga protoni kwenye protoni iliyotulia, unahitaji nishati ya mwendo mara sita ya uzito wa protoni, yaani GeV 5.6. Mashine yao, Bevatron, ilifika 6.2. Inatosha, ila kwa kubana. Shabaha waliyotumia ilikuwa shaba. Sasa ndani ya kiini cha shaba nukleoni hazijatulia, zinatembeatembea. Ukiikuta inayokuja kukulaki, mwendo wake unajumlishwa na wako, na kizingiti kinashuka hadi karibu na GeV 4.3. Kiini kilikuwa kinawapa lifti. Segrè na Chamberlain wakapata Nobeli mwaka 1959.

Na CERN mpaka kesho wanazalisha protoni pinzani kwa kupiga protoni kwenye metali ya iridi. Kwa protoni milioni moja unaambulia kama moja hivi ya kutumia. Biashara ya hasara, lakini ndiyo pekee iliyopo.

Sasa LHC. Septemba 2012 walijaribu protoni kwa risasi kwa saa chache tu, kisha Januari na Februari 2013 wakafanya kazi kamili. Protoni upande mmoja TeV 4 (TeV moja ni GeV elfu moja), risasi upande wa pili TeV 4, jumla kwa jozi TeV 5.02.

#15 | Hesabu Haidanganyi

Mzee, hapo nakukatalia. 4 na 4 ni 8. Hiyo 5.02 imetoka wapi?

#16 | Mzee wa Vekta

Umenikamata, nimeandika ovyo. Ngoja nisahihishe.

Mabomba mawili ya LHC yanalala ndani ya sumaku zilezile. Nguvu ya sumaku inashika chaji. Protoni ni chaji moja kwa nukleoni moja. Risasi iliyovuliwa elektroni zote ina chaji 82 lakini inabeba nukleoni 208. Kwa hiyo protoni ikiwa na 4, kila nukleoni ya risasi inapata 4 mara 82 gawanya kwa 208, ambayo ni TeV 1.58. Mpanda mkokoteni na mpanda farasi barabara moja.

#17 | Hesabu Haidanganyi

4 na 1.58 ni 5.58. Bado.

#18 | Mzee wa Vekta

Bado, kwa sababu wanaogongana hawako sawa. Kama lori na bajaji zikigongana uso kwa uso, mabaki yanaburutwa upande wa lori linakoelekea, na mwendo huo wa kuburutwa ni nishati ambayo haikupatikana kwa ajili ya kuzaa. Nishati ya kuzaa unaipata hivi: zidisha 4 kwa 1.58, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili. Jaribu.

#19 | Hesabu Haidanganyi

5.03. Ukiweka 1.577 inakuja 5.02. Haya, nimetulia.

#20 | Kibiriti Chenye Unyevu

Jina lako limepona kwa tundu la sindano.

#21 | Mzee wa Vekta

Kazi ya kuendesha mashine ile siku hizo ilikuwa mtihani. Ziingiapo, risasi inakwenda polepole kidogo kuliko protoni, kwa hiyo mizunguko yao kwenye ile njia ya kilomita 27 hailingani. Ilibidi kila upande uharakishwe kwa mdundo wake, kisha zikifika juu, ambako wote wawili wanakaribia kabisa kasi ya mwanga, midundo isawazishwe ili zikutane katikati ya vigunduzi na si pembeni.

Jibu la kwanza lilikuwa la kawaida. ALICE, kundi la kigunduzi kimojawapo cha LHC, walihesabu: katikati ya kigunduzi, chembe zenye chaji 16.8 kwa kila kipimo kimoja cha pembe. Majeruhi wastani 7.9. Gawanya, unapata 2.1 kwa kila majeruhi, karibu sana na kinachoonekana kwenye protoni kwa protoni. Hesabu ya 1976 bado inapumua. (Risasi kwa risasi zikigongana uso kwa uso, kipimo hichohicho ni zaidi ya 1,900.)

Lengo la yote hayo lilikuwa kulinganisha. Risasi kwa risasi zikigongana, kwaki na gluoni zinafunguka na kuwa supu ya moto. Jeti, yaani mafungu membamba ya chembe zenye kasi, zikipita kwenye supu hiyo zinanyonywa nishati. Sasa utajuaje kwamba kinachonyonya ni supu, na si tabia ya kiini chenyewe hata kikiwa baridi? Unapiga kiini kwa kitu kidogo kisichoweza kupika supu, unaangalia kama jeti zinapungua. Maabara ya Brookhaven, New York, walifanya hivyo mwaka 2003 kwa kiini cha hidrojeni nzito dhidi ya dhahabu. Jeti hazikupungua. Basi kumbe ni supu. Mgongano wa kulinganishia ulifanya kazi yake, ukanyamaza.

Mwaka 2012 ulikataa kunyamaza.

#22 | BintiMwalimu

Mzee usituache hapo!

#23 | Mzee wa Vekta

Nilikwenda kuswali, nimerudi.

Chukua mgongano mmoja uliotoa chembe nyingi kupita kawaida. Chukua chembe mbilimbili, pima zimeachana kiasi gani kwa pembe. Kawaida chembe mbili zinazofanana mwelekeo ni za jeti moja, ziko karibukaribu. CMS, kundi la kigunduzi kingine cha LHC, wakaona nyingine: chembe zilizoachana mbali kabisa, moja imekwenda mbele ya bomba, nyingine nyuma, lakini ukiitazama duara kwa kusimama mwisho wa bomba, zote zimeelemea upande uleule. Ukichora, unatokea kama mgongo wa mlima, mrefu na ulionyooka. Wakauita kigongo.

Fikiria mechi imekwisha Uwanja wa Mkapa. Watu wanatoka mageti ya pande zote, hawajuani, na wote wanaelemea Temeke. Kuna kitu kiliwaelekeza kabla hawajatoka.

Kwenye risasi kwa risasi kigongo kilikuwa cha kawaida, sababu yake inajulikana: supu ni kimiminika, kinatiririka, na umbo lake la mwanzo linaamua kinamwagikia wapi. CMS walikiona hata kwenye protoni kwa protoni mwaka 2010, kidogo. Lakini kwenye protoni kwa risasi, kwa data ya saa chache tu, kilisimama wazi. Kisha ALICE na ATLAS, kundi la tatu la LHC, wakaondoa mchango wa jeti, wakakuta kigongo cha pili upande wa pili wa duara. Vigongo viwili ndiyo alama ya mtiririko.

Kitu cha kulinganishia kimetenda kama kitu chenyewe.

#24 | Mshika Fimbo

Kwa hiyo protoni moja imepika supu?

#25 | Daktari wa Mawe

Hapo ndipo watu wanagawanyika. Upande mmoja unasema ndiyo, tone. Brookhaven, kundi la PHENIX, walifanya jaribio ninalolipenda: wakaipiga dhahabu kwa protoni, kisha kwa kiini cha hidrojeni nzito chenye nukleoni mbili, kisha kwa heli yenye tatu. Kama ni tone la kimiminika, la kwanza liwe duara, la pili yai, la tatu pembetatu, na mtiririko ufuate maumbo hayo. Majibu yao, yaliyotoka mwishoni mwa 2018, yalifuata. Kundi jirani la STAR, palepale Brookhaven, nao wakapima, na kwa ile alama ya pembetatu wakaona zote tatu zinakaribiana, wakasema vinundu vilivyomo ndani ya nukleoni zenyewe vina mchango mkubwa. Mtambo mmoja, majibu mawili.

Upande mwingine unasema gluoni zimejaa ndani ya kiini kinachokwenda kasi hadi zinabanana, na mpangilio huo wa mwanzo ndio unaoelekeza chembe, bila haja ya kimiminika.

#26 | Mzee wa Vekta

Mimi nipo upande wa tone, kwa kura ya mtazamaji. Kinachonivuta ni kipimo cha ALICE cha mwaka 2017: chembe zenye kwaki ngeni (aina ya kwaki nzito kuliko zile za kawaida), chembe zinazoitwa lamda, ksi na omega, zinaongezeka taratibu kadiri mgongano unavyotoa chembe nyingi. Na mstari ni mmoja, haujali kama ni protoni kwa protoni, protoni kwa risasi, au risasi kwa risasi. Hakuna ukuta kati ya kidogo na kikubwa.

#27 | Hesabu Haidanganyi

Naomba kuweka mchanga kwenye pilau. Kama ni supu, jeti zinyonywe. Mwenyewe umesema kwenye kitu kidogo hazinyonywi. Zinanyonywa kwenye protoni kwa risasi ya LHC?

#28 | Mzee wa Vekta

Hapana. Walipotafuta hawakuona upungufu ulio wazi. Mtiririko upo, unyonyaji haupo.

#29 | Hesabu Haidanganyi

Basi tone lako lina tabu.

#30 | Daktari wa Mawe

Watetezi wake wanasema njia ya kupita ni fupi mno, jeti inavuka kabla haijaguswa vizuri. Ndiyo maana Julai 2025 LHC wakaingiza oksijeni: oksijeni kwa oksijeni, ukubwa wa katikati, nukleoni 16 kila upande. Na wakafanya pia protoni kwa oksijeni, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu zaidi, kwa sababu ni ule mgongano wa angani umeletwa chini ya ardhi. Kituo cha Pierre Auger kule Argentina kimekuwa kikihesabu myuoni nyingi kuliko mifano ya kompyuta inavyosema, na mifano hiyo inategemea kujua protoni ikigonga oksijeni inazaa nini na kwa uwiano gani. Kama ile hadithi ya kwaki ngeni inaanza mapema kwenye hewa, pioni zisizo na chaji zinapungua, nishati inabaki kwa zile zinazozaa myuoni. Huenda fumbo la Argentina na mstari wa ALICE ni ndugu.

#31 | Mja wa Ngomeni

Yaani vile vihesabio vya Asmara vililia kwa pamoja, na miaka tisini baadaye bado watu wanahesabu vimelia mara ngapi.

#32 | Mshika Fimbo

Wakuu, nimetoka kijiweni sasa hivi. Nimewaeleza jamaa habari ya bisi na nyumba, wakanisikiliza kweli, hata mchezo ukasimama. Mmoja akauliza: kama chembe zimezaliwa nje ya kiini, na kiini kimeumia, gharama anadaiwa nani? Nikasema protoni. Akasema, protoni yenyewe imetokea mlango wa uani.